Vioo vya Anarkali

Niliwahi kupiga picha za harusi kwenye ukumbi uliojaa vioo. Nilipozifungua usiku kwenye kompyuta, kila bibi harusi alipogeuka nami nimo nyuma yake, na kamera yangu na taa yangu, kama mzamiaji. Tangu siku hiyo R. D. Mathur, mpiga picha wa Mughal-e-Azam, namvulia kofia.

Filamu hiyo ya K. Asif ilitoka mwaka 1960. Kisa wengi mnakijua, na kama hamkijui, wazazi wenu waliokuwa wakijazana sinema kutazama picha za Kihindi wanakijua: Salim, mwana wa mfalme Akbar, anampenda Anarkali, kijakazi mcheza ngoma wa kasri, na baba hataki. Watu husimulia vita, minyororo, na ukuta ambamo Anarkali alihukumiwa kuzikwa hai. Mimi ukiniuliza ugomvi wa baba na mwana uko wapi, nitakuonyesha dari.

Ni ule wimbo wa Jumba la Vioo. Sauti ni ya Lata Mangeshkar, anayecheza ni Madhubala. Sehemu kubwa ya filamu ni nyeusi na nyeupe. Hapa rangi zinaingia. Anarkali anamwimbia mfalme mbele ya baraza zima kwamba aliyekwisha kupenda hana cha kuogopa. Anapofika pale pa kusema penzi lao halifichiki, linaonekana pande zote, Akbar anainua macho. Dari nzima ni Anarkali! Wadogo wadogo, wengi, wanazunguka juu ya kichwa chake. Mwanamke mmoja mfalme anaweza kumfunga, na kweli anamfunga. Hawa wa kwenye vioo atawafunga wapi? Prithviraj Kapoor, aliyecheza Akbar, hatamki neno. Macho yake tu ndiyo yanayowaka.

Kazi ilikuwa hapo. Kioo hurudisha taa moja kwa moja kwenye lenzi, picha ikaungua. Inasimuliwa kwamba vioo vilipakwa nta nyembamba, na Mathur akaacha kumulika watu: taa alizielekeza kwenye vitambaa, mwanga ukawafikia wachezaji ukiwa umeshapoa. Leo tunafanya hivyo hivyo kwa mwavuli mweupe, tena tunajiona mafundi.

Lakini tukio ninalolirudia zaidi halina kioo hata kimoja. Salim anampitishia Anarkali unyoya mweupe usoni, taratibu, huku Tansen, mwimbaji wa kasri ya Akbar, akisikika kwa mbali kwa sauti ya Bade Ghulam Ali Khan. Hawasemeshani. Dilip Kumar, aliyekuwa Salim, alikuja kuandika kwamba siku hizo yeye na Madhubala hata salamu walikuwa hawapeani. Walikuwa wamependana, wakaachana, na jina la baba yake Madhubala halikosekani kila kisa hicho kinaposimuliwa. Nimesogeza picha mbele na nyuma nikitafuta chuki kwenye nyuso zao. Sijaiona.