Geuza jani kwanza: wadudu wadogo wa mimea ya nyumbani na namna ya kuwadhibiti

Mmea wa kwenye chungu ukianza kunyong'onyea, wengi wetu hukimbilia maji. Majani yakizidi kuwa ya njano huongezwa mbolea, na mwisho hutafutwa dawa yoyote ya wadudu iliyomo kabatini. Wakati huo wote chanzo mara nyingi kipo upande wa chini wa jani, ambako jicho halifiki mpaka jani ligeuzwe kwa mkono. Wadudu tunaowazungumzia hapa wana urefu wa kati ya nusu milimita na milimita tano. Wengi wao huishi kwa kufyonza utomvu wa mmea, lakini udhaifu wao hutofautiana sana. Dawa inayofagia vidukari kwa siku moja inaweza kuwafanya utitiri waongezeke maradufu. Kwa hiyo usinyunyizie kitu chochote kabla hujajua unamnyunyizia nani.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: karatasi nyeupe, kioo cha kukuzia cha mara 10, na mwanga wa kutosha. Kamera ya simu nayo, ikisogezwa karibu na jani, husaidia sana. Anza na ncha changa za mmea, shuka kwenye makwapa ya majani, yaani pale kikonyo kinapoungana na shina, kisha geuza majani ya chini ambayo ndiyo makongwe zaidi, na umalizie kwa kutazama udongo. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, na mara mbili kipindi cha joto kali.

Pitisha pia kidole juu ya majani na juu ya meza iliyo chini ya mmea. Kama kuna unato, una vidukari, inzi weupe, vidung'ata au wadudu gamba laini. Utomvu wa mmea una sukari nyingi na protini kidogo, hivyo mdudu hulazimika kufyonza mwingi ili apate protini ya kumtosha, na sukari inayobaki huitoa ikiwa majimaji matamu yanayonata. Juu ya utamu huo huota ukungu mweusi unaofanana na masizi. Ukungu huo hauli jani, ila hulizuia kupata mwanga. Hufutika kwa kitambaa kilicholowa, na hautarudi mdudu akishaondoka. Sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina ni dalili ileile, kwa sababu wanafuata utamu huo, na huwafukuza maadui wa asili wa wadudu hawa ili wasiukose. Utitiri na vithiripi hawaachi unato kabisa.

Kumjua nani ni nani

Vidukari hujikusanya kwenye ncha laini na vitumba vya maua. Wanaweza kuwa kijani, weusi, njano au wa rangi ya waridi, kwa hiyo rangi isikupoteze. Tazama kwa kioo sehemu ya nyuma ya mwili: utaona vijibomba viwili vimechomoza. Hakuna mdudu mwingine wa kundi hili mwenye alama hiyo. Chini yao kwa kawaida huwa kuna vigamba vyeupe vilivyotapakaa kama vumbi. Hizo ni ngozi walizojivua, ambazo watu wengi hudhani ni inzi weupe. Majike huzaa watoto hai bila kupandwa na dume, na mtoto anaweza kuanza kuzaa ndani ya siku saba hadi kumi hali ya hewa ikiwa na joto. Ndiyo maana ncha iliyokuwa safi Jumapili iliyopita inaweza kujaa leo. Wakibanana, huzaliwa wenye mabawa, nao huhamia chungu cha jirani.

Utitiri ndio wanaotuibia mimea mingi zaidi ndani ya nyumba, na ndio wanaotambuliwa kwa kuchelewa zaidi. Kwa hakika si wadudu. Wana miguu minane na ni jamaa wa buibui. Urefu wao ni kama nusu milimita. Dalili ya kwanza ni vidoa vidogo sana vya njano au vyeupe juu ya jani, kana kwamba limechomwachomwa na ncha ya sindano: kila kidoa ni sehemu ambayo seli zake zimefyonzwa zikabaki tupu. Utando mwembamba kati ya jani na kikonyo huonekana baadaye, na ukiuona ujue wamekwisha kuwa wengi. Usiusubiri. Shika jani juu ya karatasi nyeupe, ligonge mara tatu nne kwa kidole, kisha tulia nusu dakika. Vumbi halitembei. Nukta ikianza kutambaa, iponde kwa kidole: ikiacha mstari wa kijani au mwekundu mweusi, umempata. Nukta inayokimbia kwa kasi isiyo ya kawaida iache, kwa kuwa huenda ni utitiri mwindaji anayekula wenzake waharibifu.

Utitiri hupenda joto, ukavu na vumbi. Kwenye joto la nyuzi 30 yai huwa utitiri mzima kwa takriban wiki moja. Kwenye nyuzi 20 safari hiyo huchukua wiki mbili hadi tatu. Mmea uliowekwa dirishani penye jua kali na kusahaulika maji huwapa kila wanachokitaka.

Vithiripi ni wembamba, urefu wa milimita moja hadi mbili, na hujificha ndani ya maua na majani yaliyojikunja. Hukwaruza ngozi ya jani na kunyonya, wakaacha michirizi inayong'aa kama fedha, yenye nukta nyeusi ambazo ni kinyesi chao. Nukta hizo ndizo zinazowatofautisha na utitiri. Ugumu wao uko hapa: mayai huyaingiza ndani ya jani lenyewe, na wengi huangukia kwenye udongo kumalizia kukua. Kwa hiyo unyunyiziaji mmoja, hata ukiwa mzuri kiasi gani, huwakosa walio ndani ya jani na walio ardhini.

Inzi weupe hujitambulisha wenyewe. Tikisa mmea, wataruka kama unga. Waharibifu zaidi ni watoto wao, ambao ni vigamba bapa visivyosogea vilivyobandika upande wa chini wa jani. Kwenye nyanya, inzi weupe hueneza virusi vya kujikunja na kuwa njano kwa majani, na vithiripi hueneza virusi vya madoa na mnyauko. Mmea ukishapata virusi hauna tiba, ng'oa.

Vidung'ata huonekana kama vipande vya pamba vilivyobandikwa kwenye makwapa ya majani. Fuko moja la pamba hiyo linaweza kuwa na mamia ya mayai. Wapo pia wanaoishi kwenye mizizi, kwa hiyo mmea unaodhoofika bila sababu utoe kwenye chungu uone kama kuna ungaunga mweupe ukutani mwa chungu na kwenye mizizi. Wadudu gamba, kwa upande wao, hufanana na uvimbe wa kahawia kwenye shina au mshipa wa jani. Kwangua kwa ukucha: uvimbe ambao ni sehemu ya mmea hubaki, gamba hubanduka.

Vijiinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo ni ishara ya maji kuzidi. Weka kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo kwa siku mbili au tatu, kisha kigeuze. Vifunza vyeupe vyenye kichwa cheusi vitakuwa chini yake. Acha sentimita tatu za juu za udongo zikauke kila kabla ya kumwagilia, na wengi wao watakufa.

Kutibu

Tenga mmea kwanza, mbali kiasi kwamba majani yake hayagusani na ya mwingine. Kata ncha zilizojaa wadudu, zifunge kwenye mfuko na uzitupe. Kisha utumie maji: shika jani kwa kiganja kwa nyuma na ulirushie maji kwa nguvu upande wa chini. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki usije ukalowa kupita kiasi. Kidukari aliyeng'olewa kwa nguvu mara nyingi huacha mdomo wake ndani ya jani, na hawezi kula tena. Kwa vidukari na utitiri walioanza tu, kuosha kila baada ya siku mbili kwa wiki moja huweza kutosha bila dawa yoyote.

Hatua inayofuata ni sabuni, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Tumia mililita 10 za sabuni ya maji isiyo na manukato, yaani vijiko viwili vya chai, kwa lita moja ya maji. Sabuni ya mche isiyo na viungo vingine nayo inafaa: gramu 10 zilizokwanguliwa, ziyeyushwe kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu. Sabuni ya unga ya kufulia na zile kali za kuondoa mafuta kwenye vyombo haziruhusiwi hapa. Huondoa nta inayolinda jani, na kingo za majani hukauka kama zilizoungua. Kuongeza kipimo ili "dawa ikolee" huleta madhara hayohayo.

Kabla ya kunyunyizia, tikisa mchanganyiko kwenye chupa na uuache robo saa. Ukiona utando mweupe unaelea, maji yako ni magumu: chokaa iliyomo imeishika sabuni, na hakuna kitakachokufa. Tumia maji ya mvua. Jaribu kwanza kwenye majani mawili na usubiri siku moja au mbili. Mimea ya jamii ya kangaga, na ile yenye majani manene yaliyopakwa kitu kama unga, huungua kwa urahisi.

Sabuni huua mdudu inayemgusa ikiwa bado mbichi. Ikishakauka haina nguvu tena. Kwa sababu hiyo nyunyizia asubuhi mapema au jioni, hadi majani yachuruzike, ukianza upande wa chini. Usinyunyizie kwenye jua, wala joto likipita nyuzi 32, wala mmea ukiwa na kiu. Mwagilia siku iliyotangulia. Suuza kwa maji safi baada ya saa mbili hivi.

Mayai hayafi kwa sabuni. Jambo hili ndilo linalowavunja moyo watu: mmea unaonekana safi, wanaacha, na siku kumi baadaye wadudu wamejaa upya. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, si chini ya mara tatu. Kwa utitiri wakati wa joto fupisha muda uwe siku nne, na kwa inzi weupe na vithiripi endelea hadi wiki nne. Kadi za njano zenye gundi kwa inzi weupe, na za bluu kwa vithiripi, zitakuonyesha kama idadi inapungua, lakini peke yake haziponyi, maana watoto wasioruka hawafiki kwenye kadi.

Mafuta ya mwarobaini hufaa pale sabuni inaposhindwa. Koroga mililita 2 za sabuni kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, ndipo uongeze mililita 5 za mafuta, na utikise chupa mara kwa mara unapopuliza, kwani mafuta hujitenga. Tumia siku hiyohiyo. Kiini cha mwarobaini huvuruga ukuaji wa mdudu asiweze kujivua ngozi, hivyo matokeo huchukua siku kadhaa. Mafuta yaliyosafishwa sana huwa yameondolewa kiini hicho, na hufanya kazi kwa kumziba mdudu pumzi tu. Usiyatumie ndani ya wiki mbili za kunyunyizia salfa, na usipulize juu ya maua yaliyofunguka, kwa ajili ya nyuki.

Vidung'ata na magamba wana kinga ya nta, hivyo waguse mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba kilichochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70. Magamba magumu yasugue kwa mswaki laini, kisha paka ule mchanganyiko wa mafuta ya mwarobaini. Rudia kila wiki.

Kabla ya kuua chochote, tazama tena. Kiumbe mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa na umbo kama la mamba mdogo ni mtoto wa mbawakawa mwekundu mwenye madoa, naye hula vidukari kwa wingi. Kidukari aliyevimba, kahawia na asiyesogea ameshatagiwa yai na nyigu mdogo; mwache. Dawa kali za jumla huwaua hawa kwanza, na zile za jamii ya pairethroidi hujulikana kwa kufuatiwa na mlipuko wa utitiri. Ikibidi kutumia kiuatilifu cha dukani, soma kama kinamtaja mdudu wako na mmea wako, na kwa mboga fuata idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kiuatilifu cha maua kinachofyonzwa na mizizi kisiwekwe kamwe kwenye mmea wa kuliwa. Punguza pia mbolea ya naitrojeni. Chipukizi laini zinazotokana nayo ndizo vidukari huzipenda.

Mmea mpya ukae peke yake wiki mbili hadi tatu kabla ya kuwekwa na mingine. Na kama baada ya wiki sita za matibabu yaliyofanywa sawasawa bado unaona watoto wapya kila wiki, utupe pamoja na udongo wake ndani ya mfuko uliofungwa, na chungu ukioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukipanda tena.