Shasi iliyopasuka kwenye boksi la usukani: mambo ya kufanya kabla ya kuwasha posti ya kuchomelea

Kamyo nyingi zinazofika gereji yetu hapa Bukavu zikiwa na ufa karibu na boksi la usukani huwa zimeshachomelewa mahali pengine. Ukifuta matope unakuta bamba nene limebandikwa juu ya shasi, limezungushiwa moto pande zote nne, na ufa mpya umeshuka wima pembeni mwake. Fundi aliyefanya kazi ile hakuwa mvivu, maana bageti (vijiti vya kuchomelea) alizomaliza hapo zinaonekana. Ila aliufunika ufa bila kuuliza umetoka wapi.

Boksi limefungwa kwa boliti kwenye ukuta, yaani upande wa wima, wa mhimili wa shasi. Shofere akizungusha usukani, mkono wa boksi unasukuma bara (fito ya chuma iendayo kwenye gurudumu), na bara inasukuma gurudumu. Gurudumu likikataa, nguvu hiyo hiyo inarudi kwenye boliti na kuutikisa ukuta wa mhimili, mara ndani, mara nje. Mhimili wenye umbo la herufi C ni hodari wa kubeba mzigo unaoulemea kutoka juu, lakini kwa kusokotwa ni dhaifu. Halafu kuna haidroliki: pampu ya kamyo inaweza kutoa shinikizo la kupita bari 100, na shofere hasikii uzito wowote mikononi. Gari limekwama njia ya Kamituga, tairi limebanwa kwenye mfereji wa matope, yeye anazungusha usukani kwa mkono mmoja gari likiwa limesimama. Shasi ndiyo inayolipa. Kwenye kona za Ngomo, ukishuka kwenda Kamanyola, ni hivyo hivyo: mzigo umeegemea mbele na usukani unafika mwisho kila kona.

Kwa hiyo kwanza namtafuta mkosaji. Boliti zikilegea, matundu yanakuwa na umbo la yai na boksi linaanza kupiga shasi kila usukani unapogeuzwa. Ribiti za traversi ya mbele (chuma cha kukatisha kinachounganisha mihimili miwili ya shasi) zikicheza, mhimili unabaki peke yake. Na boksi nyingi za kamyo zina vali za kupunguza shinikizo kabla gurudumu halijagusa kizuizi cha ekseli. Zikipoteza mpangilio, pampu inaendelea kusukuma kwa nguvu zote wakati gurudumu halina tena pa kwenda. Ukichomelea ufa na kuyaacha hayo, gari litarudi.

Kuuona ufa wote ni kazi yenyewe. Injini ikiwaka, mtu mmoja ageuze usukani kushoto na kulia, mimi naweka ncha ya kidole pale boksi linapokutana na shasi. Mchezo mdogo ambao jicho halioni, kidole kinauhisi. Kisha boksi linatolewa, chuma kinaoshwa na kusuguliwa kwa brashi ya waya hadi king'ae. Napaka mafuta ya taa, nasubiri yaingie, nafuta kabisa, halafu nasugua chaki nyeupe juu yake. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha ndani yanapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Karibu kila mara mstari huo ni mrefu kuliko ule uliouona kwa macho, na mara nyingi unaunganisha matundu mawili ya boliti.

Hapo ndipo shofere huniambia, “Papa fundi, tia tu bageti mbili, kesho napakia.” Najibu kwamba kesho hapakii.

Boksi lazima litoke. Joto linaua mpira wa jointi zake, na mafuta yaliyobaki yanaweza kuwaka. Kabla ya kuutoa mkono wa boksi napiga alama mahali unapokaa, na unatolewa kwa kifaa cha kuuvuta, si kwa moto. Betri inafunguliwa nyaya zote mbili. Kwenye gari jipya na kompyuta inachomolewa. Masi (waya wa kurudisha umeme kwenye posti) inabanwa karibu kabisa na ufa, ili umeme usipite kwenye beringi.

Mwisho wa ufa natoboa tundu la milimita 6 hivi, mbele kidogo ya pale chaki ilipoishia, ili ncha ile kali isiendelee kukimbia. Ufa wenyewe unachimbwa kwa umbo la V hadi chini. Bageti ni za aina ya 7018. Zile za 6013 zilizojaa sokoni ni rahisi kuchomelea, naziacha kwa milango na mageti. Lakini 7018 iliyonyonya unyevu ni hasara tupu: hukaushwa kwa joto la nyuzi 300 hadi 350, na kwa mvua ya Bukavu pakiti iliyofunguliwa wiki iliyopita siiamini. Umeme wa mji ukishuka nasimama au nawasha jenereta, kwa sababu moto unaokatika katikati huacha vishimo ndani. Nikimaliza, nasawazisha kwa jiwe la kusagia hadi uso uwe laini, bamba la kuimarisha lipate kulala vizuri.

Bamba lisizidi unene wa shasi. Ukuta ukiwa wa milimita 7, bamba la 5 au 6 linatosha. Likizidi, mahali pale panagoma kabisa kupinda, na chuma kinapindia ukingoni, kama kidole kilichofungwa gango. Ncha zake nazikata mshazari, wala sizimalizii kwa mstari wima. Midomo ya juu na ya chini ya mhimili siichomelei kwa kukatisha, maana ndiyo inayobeba zaidi. Na tafadhali, lama ya resori (chuma cha springi) si bamba! Ina kaboni nyingi, ukiichomelea inakuwa ngumu na kukatika ghafla.

Kazi mbili nazikataa. Ya kwanza ni kuchomelea mkono wa boksi au bara, hizo hubadilishwa. Ya pili ni shasi ya chuma kilichokomazwa kwa joto, kama za baadhi ya kamyo za Marekani zenye kibandiko cha kukataza kuchomelea. Hapo bamba linafungwa kwa boliti.

Kurudisha boksi ni boliti mpya za daraja la 10.9, na kati ya boksi na bamba pasiwe na rangi nene. Traversi inakazwa, hewa inatolewa kwenye mafuta magurudumu yakiwa juu ya jeki, vizuizi vinapangwa upya. Mwisho navuta mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo shofere achungulie: mistari ikiwa imeachana, anilete gari kabla ya kupakia tena.