Je, wajua kwa nini Stephen Cherono aligeuka Saif Saaeed Shaheen?

Agosti 2003, Paris, fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia ya riadha. Tangu 1991 dhahabu ya mbio hizi haikuwa imetoka mikononi mwa Wakenya: Moses Kiptanui mara tatu mfululizo, Wilson Boit Kipketer 1997, Christopher Kosgei 1999, Reuben Kosgei 2001. Safari hii mshindi alitumia dakika 8 na sekunde 4.39, akamwacha Ezekiel Kemboi wa Kenya kwa chini ya sekunde moja. Matokeo yakaandikwa: Saif Saaeed Shaheen, Qatar.

Wapenzi wa riadha walimjua vizuri. Alikuwa Stephen Cherono, kijana wa Keiyo katika Bonde la Ufa la Kenya, mdogo wake Christopher Kosgei yule yule bingwa wa 1999. Mwaka mmoja tu nyuma, mjini Manchester, alikuwa ameipa Kenya dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Jina jipya na uraia mpya havikuwa vimemaliza hata mwezi. Ndugu yake mwingine, Abraham Cherono, alikuwa ndani ya fainali hiyo hiyo akiwa na jezi ya Kenya, na baada ya mbio hakumpongeza.

Kwa nini basi jina libadilike, wakati miguu ni ile ile?

Jibu la kwanza ni la makaratasi. Katika mashindano ya dunia mwanariadha husajiliwa na shirikisho la nchi yake kwa jina lililo kwenye pasipoti. Jina hilo ndilo linaloingia kwenye orodha ya kuanza, kwenye matokeo, na kwenye rekodi ikivunjwa. Qatar ilipompa Cherono uraia, ilimwandikia pasipoti yenye jina la Kiarabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Saif ni upanga, jina ambalo pwani yetu linajulikana kama Seif. Saaeed ni mwenye furaha au bahati, Saidi wetu. Shaheen ni kozi, ndege anayefugwa na Waarabu wa Ghuba kwa ajili ya kuwindia.

Jibu la pili ni la mwenye kulipa. Qatar ilikuwa ikijiandaa kupokea Michezo ya Asia mjini Doha mwaka 2006, na ilitaka mabingwa ambao Mqatari angewasikia wakitangazwa akaona ni wake. Haikuanzia kwa Wakenya. Mnyanyua vyuma wa Bulgaria, Angel Popov, alishinda shaba ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa ameandikishwa kama Said Saif Asaad wa Qatar. Njia hiyo hiyo ilimpeleka Qatar mkimbiaji Mkenya Albert Chepkurui, akawa Ahmad Hassan Abdullah. Bahrain nayo ilimchukua Gregory Konchellah, mtoto wa Billy Konchellah aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 800, akawa Yusuf Saad Kamel, na kwa jina hilo akashinda dhahabu ya mita 1,500 mjini Berlin mwaka 2009. Kwa Cherono, malipo yaliyotajwa hadharani wakati ule yalikuwa dola 1,000 kwa mwezi maisha yake yote. Kwa kijana wa miaka 20 anayetoka nchi ambako kupata nafasi tatu za timu ya taifa ni vita kuliko fainali yenyewe, si jambo la kushangaza kwamba alikubali.

Tukubali pia kwamba kilichoachwa hakikuwa kitu kidogo. Majina ya Kikalenjin mara nyingi hutaja saa au hali aliyozaliwa mtu. Kiprono na Cherono yanahusishwa na jioni, mbuzi na kondoo wanaporudi nyumbani. Anayelisikia jina hilo Bonde la Ufa anajua ni mtu wa watu gani kabla hajaulizwa. Ukilifuta kwenye jezi, umefuta pia alama ambayo kwayo mashabiki walikuwa wakimdai kuwa wao.

Hapa ndipo hasira ya umma inapoeleweka, na kuna mfano mzuri wa kupimia. Wilson Kipketer, yule wa mita 800, si yule wa viunzi, alihamia Denmark. Alishinda ubingwa wa dunia mara tatu, 1995, 1997 na 1999, na mwaka 1997 akaweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 41.11. Medali zote hizo zilikuwa za Denmark. Lakini jina lilibaki Kipketer, na mtangazaji wa redio Nairobi aliweza kulitamka kwa fahari bila kuieleza bendera. Kwa maoni yetu tofauti kubwa iko hapo. Bendera mtu huweza kuisamehe kwa sababu kila mmoja ana jamaa aliyekwenda kutafuta maisha nje. Jina likibadilika, watu huuliza swali lingine: nani amelitoa, na kwa bei gani?

Bondia Muhammad Ali alipita kwenye swali hilo hilo kwa upande wa pili. Alimpiga Sonny Liston mwezi Februari 1964 akiwa Cassius Clay, na mwezi uliofuata kiongozi wa Nation of Islam, kundi la Waislamu weusi wa Marekani, Elijah Muhammad, akamtangazia jina jipya. Magazeti makubwa ya Marekani yaliendelea kumwita Clay kwa miaka kadhaa. Bondia mwenzake Ernie Terrell naye alikataa kumwita Ali, na mjini Houston, Februari 1967, akapigwa raundi 15 huku akiulizwa, “Jina langu nani?” Hata Mahakama ya Juu ya Marekani ilipompa ushindi mwaka 1971 katika kesi ya kukataa jeshi, kichwa cha kesi kilikuwa Clay. Lakini Ali hakulipwa kwa kubadili jina. Alipoteza mikanda yake na zaidi ya miaka mitatu ya ulingoni kwa ajili ya imani iliyoandamana nalo, na umma ukaja kulikubali polepole. Oktoba 1974, uwanja mzima wa Kinshasa uliimba “Ali, boma ye!”, yaani “Ali, muue!” kwa Kilingala. Waliokuwa wakiimba walilijua suala la majina kuliko wengi: miaka miwili kabla, Mobutu alikuwa ameamuru raia wa Zaire waache majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika.

Turudi kwa Shaheen, kwa sababu taabu za kubadili jina pamoja na nchi hazikuishia kwenye lawama. Kanuni ya Olimpiki husema mwanariadha aliyewakilisha nchi moja asubiri miaka mitatu kabla ya kuwakilisha nyingine, isipokuwa nchi ya kwanza ikubali muda upunguzwe. Hesabu ilikuwa rahisi: alikuwa ameiwakilisha Kenya mwaka 2002, Olimpiki ya Athens ilikuwa 2004. Ilihitajika ridhaa ya kamati ya Olimpiki ya Kenya, ambayo wakati huo iliongozwa na Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo hizo za viunzi na maji mwaka 1972. Ridhaa haikutolewa. Kenya ikachukua dhahabu, fedha na shaba kupitia Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech. Siku kumi baadaye, Septemba 3, Shaheen alisimama kwenye mstari mjini Brussels akakimbia dakika 7 na sekunde 53.63, rekodi mpya ya dunia.

Hatari nyingine ilikuwa ya kisheria. Katiba ya zamani ya Kenya haikuruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili: ukichukua wa nje kwa hiari, wa Kenya umeupoteza. Mkimbiaji Mkenya Leonard Mucheru alikuwa amegeuka Mushir Salem Jawher wa Bahrain. Januari 2007 alikwenda kukimbia marathoni ya Tiberias nchini Israeli, akashinda, na Bahrain, ambayo wakati huo haikuitambua Israeli, ikamvua uraia. Mtu wa namna hiyo angeweza kubaki na majina mawili bila nchi. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoondoa hofu hiyo. Aliyezaliwa Mkenya hapotezi uraia kwa kupata mwingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuuomba tena.

Kanuni za riadha nazo zilikazwa. Tangu 2018 anayehama husubiri miaka mitatu, haruhusiwi kabla ya kutimiza miaka 20, na huhama mara moja tu. Majina pia yalianza kuachwa yalivyo. Ruth Jebet alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Rio kwa Bahrain akiitwa Ruth Jebet, na Winfred Yavi, binti wa Ukambani, alishinda ya Paris 2024 akiitwa Winfred Yavi.

Katika vitabu vya takwimu, dhahabu ya Manchester imebaki ya Kenya na dhahabu za Paris 2003 na Helsinki 2005 ni za Qatar, ingawa mtu ni mmoja. Rekodi ya Brussels ilidumu hadi Juni 2023, Lamecha Girma wa Ethiopia alipokimbia 7:52.11. Mkenya aliyeikaribia kuliko wote ni Brimin Kipruto, Monaco, Julai 2011. Saa ilisimama kwenye 7:53.64, sehemu moja ya mia ya sekunde nyuma ya kijana wa Keiyo.