Chumvi haigeuki sumu kwa sababu ina sodiamu na klorini

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magroup: eti chumvi ya mezani ni sodiamu inayolipuka ikigusa maji, ikichanganywa na klorini, gesi ya sumu, hivyo tunajilisha sumu. Si kweli.

Elementi hizo mbili ni hatari kweli zikiwa peke yake, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Lakini zikiungana, atomu ya sodiamu huitoa elektroni yake 1 ya nje na klorini huipokea. Zinabaki ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, chanya na hasi, zinazovutana kwa nguvu kiasi kwamba chumvi huyeyuka kwa joto la nyuzi 801 za Selsiasi. Tabia za awali zimekwisha. Hata maji ni hidrojeni inayowaka na oksijeni inayochochea moto, ila hizo hushirikiana elektroni.

Jaribu mwenyewe: koroga chumvi kwenye glasi ya maji. Hakuna mlipuko, hakuna harufu ya klorini. Ioni zimetawanyika tu.

Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, ila hilo ni suala jingine. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.