Nguvu za kampuni kubwa: tunayoyaamini na ukweli wake

Kaa kijiweni usikilize watu wakizungumzia kampuni kubwa. Mtu yuleyule atakwambia kampuni zina nguvu kuliko serikali, halafu muda si mrefu aseme bila kampuni hizo tutakufa njaa. Naumia kuyasikia, kwa sababu yote mawili humfanya mtu anyamaze hata anapodhulumiwa mlangoni kwake.

"Mambo haya yameletwa na utandawazi."

Pwani yetu ilikabidhiwa kampuni kabla serikali ya Ulaya haijaitawala. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa miaka 50 na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile aliyoianzisha Carl Peters. Kampuni ndiyo ingekusanya ushuru wa forodha na kuendesha utawala wa mwambao ambao leo ni wa Tanzania bara. Agosti, wakala wake Emil von Zelewski alifika Pangani na kutaka bendera ya kampuni ipandishwe. Bendera ya wenye hisa, jamani, juu ya mji wa watu! Liwali alipokataa, wakashushwa askari wa manowari.

Watu walisimama na Abushiri bin Salim, na kule Saadani wakasimama na Bwana Heri, mpaka kampuni ikabaki imejibanza Bagamoyo na Dar es Salaam. Hapo ndipo serikali ya Ujerumani ilipomtuma Hermann von Wissmann na jeshi. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Kampuni ilinyang'anywa utawala, lakini biashara na mashamba yake yaliendelea. Tazama nguvu hizo zilitoka wapi: saini ya Sultani, hati ya Kaiser (mfalme wa Ujerumani), bunduki za serikali. Yenyewe kama yenyewe haikuweza kuushika hata mji mmoja wa Pangani.

"Kampuni na mwenye kampuni ni kitu kimoja."

Kisheria ni watu wawili. Kesi ya Salomon, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1896, ndiyo iliyokaza kanuni hii, na sheria za Kenya na Tanzania zimeirithi. Ukiwa na hisa za shilingi laki moja ulizokwisha kulipia na kampuni ikadaiwa mabilioni, unapoteza laki yako tu. Kinga hii humpa mtu moyo wa kuwekeza. Lakini pia ndiyo sababu wanakijiji waliochafuliwa maji wanaweza kushinda kesi wakakuta kampuni waliyoishtaki imebaki jina tu. Penye udanganyifu mahakama inaweza kuwafuata waliojificha nyuma ya jina hilo, ila si jambo la kila siku.

"Ukizibana, zitaondoka."

Machi 2017 Tanzania ilizuia makinikia, yaani mchanga wa madini ambao haujayeyushwa, kusafirishwa nje, na kontena 277 zikakwama Dar es Salaam. Acacia, kampuni tanzu ya Barrick, kampuni ya dhahabu ya Kanada, ikaandikiwa deni la kodi, riba na adhabu la dola bilioni 190. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa: mrabaha wa dhahabu, yaani malipo kwa serikali kwa madini yanayochimbwa, ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa bila kuzinunua. Barrick haikuondoka. Iliwanunua wanahisa wengine wa Acacia mwaka 2019, na Januari 2020 ikasaini makubaliano na serikali yaliyoanzisha rasmi ubia wao wa Twiga Minerals.

Nasema na upande wa pili, maana haki ni haki: zile bilioni 190 hazikulipwa. Walikubaliana dola milioni 300. Na katikati ya mvutano, uzalishaji katika mgodi wao wa Bulyanhulu ulipunguzwa na watu wakapoteza ajira. Kubana kuna gharama, na mara nyingi anayeanza kuilipa ni kibarua. Ila dhahabu haihamishiki. Kiwanda cha nguo kinaweza kufungasha vyerehani kikaenda nchi nyingine, mgodi hauwezi.

"Wametujengea darasa, basi wametulipa."

Darasa ni zawadi, na zawadi hutolewa kwa hiari ya mtoaji. Kodi, mrabaha na fidia ni madai. Usikubali kimoja kihesabiwe badala ya kingine.

"Serikali imekiruhusu, basi ni salama."

Hii ndiyo inayoua. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari kutoa madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ulitua juu ya mabati, mvua ikauteremsha kwenye maji ya kupikia. Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka 2009. Mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha madini hayo ya risasi mwilini. Aliacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa kabisa mwaka 2014.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Soma ni nani waliotakiwa kulipa: mwenye kiwanda yumo, lakini NEMA, mamlaka ya serikali yenyewe inayolinda mazingira, ilibebeshwa asilimia 40, na wizara mbili nazo zikapewa fungu lao. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Tangu kiwanda kifungwe ilikuwa imepita miaka 10, na baadhi ya walioidai haki hiyo walikuwa wameshazikwa.