Toleo Lipi la Python Litumike Kujaribu Programu? Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba programu ikifaulu majaribio yote kwenye kompyuta ya aliyeiandika, itafaulu popote. Ukweli ni kwamba majaribio hayo yamethibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba msimbo unakubaliana na toleo la Python, lugha ya kuandikia programu, lililosakinishwa kwenye kompyuta ile. Ikiwa seva itakayowahudumia watumiaji ina Python 3.9, na mwandishi alijaribu kwa 3.12, faili lenye kauli ya match, iliyoanza katika toleo la 3.10, litakataliwa kabla mstari wake wa kwanza haujatekelezwa. Toleo la kwanza la kujaribia, basi, ni lile lililoko kwenye seva, hata kama ni kuukuu.

Wengine hudhani kwamba kutoka 3.11 hadi 3.12 ni hatua ndogo isiyohitaji kujaribiwa, kwa kuwa namba ya mbele haijabadilika. Hapa ndipo wengi huumia, kwani katika Python kitu kilichokwisha kutolewa onyo kinaweza kuondolewa kabisa katika toleo lolote la mwaka. Toleo la 3.7 lilifanya async kuwa neno lililotengwa kwa matumizi ya lugha yenyewe, na maktaba (msimbo ulio tayari unaotumiwa na programu nyingine) zilizokuwa zikilitumia kama jina la kawaida zikaacha kufanya kazi. Toleo la 3.12 liliondoa distutils, moduli (sehemu ya msimbo inayokuja na Python) iliyotegemewa kwa miaka mingi katika kusakinisha vifurushi. Na lile la 3.13, la Oktoba 2024, liliondoa moduli 19 kwa mkupuo, zikiwemo cgi na telnetlib. Hata majaribio yenyewe hayakusalimika: assertEquals, jina la zamani la assertEqual, agizo la kuhakiki kwamba thamani mbili ni sawa, liliondolewa katika 3.12, hivyo majaribio yakaanguka ilhali programu iliyokuwa ikijaribiwa haikuwa na kosa lolote. Anayeendesha majaribio kwa python -W error, ambayo hugeuza maonyo kuwa makosa, huzipata habari kama hizi mapema.

Si kweli pia kwamba ni lazima kila badiliko lijaribiwe kwa matoleo yote. Toleo jipya hutoka kila Oktoba na kuhudumiwa kwa takriban miaka mitano, kwa hiyo matoleo yaliyo hai huwa kama matano. Lakini la chini kabisa hunasa vipengele vipya vilivyotumiwa kimakosa, na la juu kabisa hunasa vilivyoondolewa. Kwa maoni yangu hayo mawili yanatosha kwa kazi ya kila siku, na ya katikati yasubiri kabla ya kutoa programu. (Anayeorodhesha matoleo katika faili la YAML, muundo wa faili za mipangilio, aweke 3.10 ndani ya alama za kunukuu, la sivyo litasomwa kama namba 3.1.)

Dhana ya mwisho ni kwamba toleo likifikia kikomo cha huduma lifutwe mara moja kwenye majaribio. Python 3.6 ilifikia kikomo Desemba 2021, lakini Red Hat Enterprise Linux 8, mfumo endeshi unaokuja nayo, bado unatumika maofisini. Wenye watumiaji wa aina hiyo waendelee kulijaribia. Na wakiamua kuliacha, wapandishe kwanza kiwango cha chini katika requires-python, sehemu inayotaja matoleo ya Python ambayo maktaba inayakubali, ili pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, iwape wenye Python ya zamani toleo la mwisho la maktaba linalowafaa, badala ya kuwasakinishia lisiloweza kufanya kazi.