Darasa linaloongozwa na mtoto: maana yake na namna ya kulipanga

Ujifunzaji unaoongozwa na mtoto ni utaratibu ambao mtoto mwenyewe huchagua kazi ya kufanya, huamua aifanyeje na akae nayo muda gani, ndani ya mazingira ambayo mtu mzima ameyaandaa kwa makusudi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka. Wakisikia mtoto anaongoza, picha inayowajia ni ya darasa ambalo kila mmoja anafanya lake, mwalimu amekaa pembeni na simu, kelele zinasikika hadi barabarani. Hilo ni darasa lililotelekezwa. Hapa tunazungumzia darasa ambalo mwalimu amefanya kazi kubwa kabla watoto hawajafika. Ameamua kitu gani kiwepo, kikae wapi, kwa kimo gani, na viwe vingapi. Watoto wakiingia, chumba chenyewe kinawaongoza, naye anabaki huru kuwatazama na kuwasikiliza.

Wazo hili si la jana. Friedrich Froebel alifungua kituo chake cha watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na akaupa mchezo nafasi ya kwanza. Januari 1907 Maria Montessori, daktari Mwitaliano, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, akataka meza, viti na rafu viwe vya kimo cha mtoto. Baadaye Loris Malaguzzi wa mji wa Reggio Emilia, Italia, alikuja na fikra kwamba mazingira ya darasa yahesabiwe kuwa mwalimu wa tatu, yaani nayo yanamfundisha mtoto. Hapa kwetu, mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania unataka watoto wajifunze kwa michezo na kwenye kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zilizotengwa, kila moja na vifaa vya kazi yake. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, nayo imeweka fursa za ujifunzaji wa awali bega kwa bega na afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kutambua mahitaji ya mtoto na kuyaitikia), na ulinzi na usalama. Kwa hiyo mwalimu wa Mwanza anayepanga darasa lake hivi hajaleta vurugu. Anatekeleza alichoagizwa.

Tuanze na kimo, kwa sababu ndicho kinachosahaulika haraka. Mtoto wa miaka 5 ana urefu wa sentimita 110 hivi, na macho yake yako karibu mita moja kutoka sakafuni. Chati iliyobandikwa juu ya ubao, karibu na kenchi, imebandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Kaa chini kwenye mkeka, tazama pande zote nne, utajua mtoto anaona nini. Mara nyingi anaona miguu ya madawati na ukuta mtupu. Rangi nyeusi ya ubao ikipakwa sehemu ya chini ya ukuta mmoja, watoto kumi wanapata mahali pa kuandika kwa chaki kwa wakati mmoja. Rafu si lazima zinunuliwe. Matofali na mbao mbili zinatosha, mradi mtoto afikie kitu bila kuomba na akione bila kufukunyua.

Kuomba ndiko kunakoua uongozi wa mtoto. Kila anapolazimika kusema "Mwalimu, nipe", maamuzi yamerudi kwa mwalimu. Ndiyo maana vitu vichache vilivyopangwa vizuri ni bora kuliko lundo ndani ya boksi. Kila kitu kiwe na mahali pake, na mahali hapo pawe na picha au mchoro wa kitu chenyewe, ili asiyejua kusoma ajue pa kukirudisha. Kuchukua, kutumia na kurudisha ni somo kamili la mtoto wa umri huu.

Sasa tazama kona moja kwa karibu. Mtoto wa Kirumba, wa Kayenze au wa Nansio, kando ya Ziwa Victoria, hahitaji kuelezwa soko la samaki ni nini. Ameshasimama kando ya mama yake mama akibishania bei ya sato, na ameshaona dagaa wakipimwa kwa sado. Mwalimu ametandika kipande cha mkeka, ameweka samaki wa kuigiza waliokatwa kutoka kwenye maboksi ya katoni, wakubwa kwa wadogo, sado moja, makopo mawili, na mizani ya fimbo iliyofungwa kamba na vifuniko viwili vya ndoo. Pesa ni vizibo vya soda.

Binti mmoja amejiweka muuzaji. Anapanga mafungu: watatu, watatu, watatu. Fungu la mwisho linabaki na wawili. Mteja anafika, mvulana mwenye kikapu.

"Mama, hili fungu mbona limepungua?"

Muuzaji anatazama, anatafuta samaki wa kuongeza, hayupo. Anachomoa mmoja kwenye fungu la pembeni, analiona lile nalo limepungua, anamrudisha. Wanavutana. Mwishowe anashusha bei: fungu hilo vizibo viwili badala ya vitatu. Mwalimu, ambaye muda wote alikuwa karibu akiandika kwenye daftari lake, anachuchumaa na kuingia sokoni.

"Habari za biashara, mama? Nikichukua mafungu mawili haya makubwa, nitapata samaki wangapi?"

Binti anahesabu kwa kidole. "Sita."

"Na nikichukua matatu?"

Halafu anaondoka, anaenda kona nyingine, swali analiacha pale.

Samaki walikuwa 11, na hawakuwa 11 kwa bahati. Mwalimu aliwahesabu asubuhi akijua mafungu ya watatu hayatatimia. Hakuna aliyemwambia binti agawanye, alinganishe au atafute bei ya haki. Mteja alilalamika, na tatizo likawa la binti mwenyewe. Samaki wale wale wangeweza kuchorwa ubaoni na darasa zima likaitikia "kumi na moja!" kwa sauti moja, lakini mwalimu asingejua nani anahesabu na nani anafuata sauti ya jirani. Hapa amejua, na ameandika kwamba binti huyu anahesabu vitu kimoja kimoja hadi sita bila kukosea, na kwamba anatambua makundi yasiyolingana. Kesho kona itaongezewa samaki.

Kona za namna hii zina faida nyingine kwa watoto wa mwambao na visiwani. Wapo wanaofika shuleni wakiwa na Kisukuma au Kikerewe cha nyumbani, na Kiswahili chao bado kichanga. Mbele ya ubao hunyamaza, na ukimya wao hufikiriwa kuwa ni kutojua. Kwenye kona mikono hutangulia, maneno hufuata. Mtoto akimwita samaki kwa lugha ya bibi yake, mwache auze. Jina la Kiswahili atalipata kwa mteja.

Kona ya maji na mchanga ndiyo inayopendwa kuliko zote, na kwetu ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Maji ya kuchezea yasichotwe ziwani na kumwagwa moja kwa moja kwenye beseni, kwa sababu vimelea vya kichocho hupenya ngozi iliyoguswa na maji hayo. Tumia maji ya bomba au ya mvua, beseni liwe la kina kifupi, na limwagwe kila kipindi kikiisha. Kingo za vizibo vya chuma zigongwe zilale. Kama wapo wadogo wa chini ya miaka mitatu, kokoto, mbegu na vizibo visiwe karibu nao kabisa.

Swali ambalo walimu huuliza kwa uchungu ni la idadi. Kiwango cha Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini madarasa mengi yanapita hapo kwa mbali, na mwalimu ni yule yule mmoja. Sitasema idadi haina shida. Ina shida. Lakini mwalimu mwenye watoto 60 wanaomtazama yeye peke yake amebeba mzigo mzito kuliko mwenye watoto 60 waliogawanyika kwenye kona kumi. Njia moja inayofanya kazi ni kamba yenye vibanio vya nguo kwenye kila kona. Kona ya watoto sita ina vibanio sita. Kila mtoto ana kadi ya boksi yenye jina na alama yake, na akiingia anaibana kadi pale. Vibanio vikijaa, anachagua kona nyingine au anasubiri. Mwalimu hagombezi mtu, na ndani ya siku chache watoto wanaanza kukumbushana wenyewe.

Kona kumi hazienei chumbani, na hakuna aliyesema darasa linaishia mlangoni. Baraza ni darasa. Kivuli cha mwembe ni darasa. Mwanza tumejaliwa mawe ambayo shule nyingi zimejengwa katikati yake: jiwe bapa ni ubao mpana wa chaki, na mawe madogo yaliyopangwa mstari ni njia ya kujifunza kutembea bila kuyumba. Majengo ya shule yakipangwa, tunakimbilia kusawazisha kila kitu. Naomba tuyaache mawe yaliyo salama.

Madawati ya watoto wakubwa, ambayo madarasa mengi ya awali hurithi, yasukumwe ukutani au yageuzwe kuwa kigawio kati ya kona ya kelele na kona ya utulivu. Vitabu visikae karibu na ngoma.

Muda nao ni sehemu ya mpangilio. Kipindi cha kona kinataka walau dakika 45 zisizokatwa. Dakika kumi za mwanzo mtoto huzunguka, hugusa, huacha. Ukigonga kengele baada ya dakika 20, umemkatiza alipoanza tu. Herufi na sauti zake bado zinafundishwa, ila kwa vikundi: mwalimu anaketi mkekani na watoto sita au saba huku wengine wakiwa kwenye kona.

Mzazi atakuja na daftari tupu mkononi. "Mwalimu, mwanangu wiki nzima hajaandika kitu." Ana haki ya kuuliza, na anastahili jibu zaidi ya "tunafuata mtaala". Mkalishe dakika chache aone mwanawe akifinyanga udongo, akichambua maharage, akifunga kamba ya mizani. Mwoneshe kwamba vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Kisha mfungulie daftari la mwalimu, msomee mlichoandika kuhusu mtoto wake kwa jina. Mzazi anayesikia "Neema aligawa samaki, akaona fungu moja limepungua" hataondoka akidhani mtoto anapotezewa muda.

Kinachobaki ni stoo. Shule nyingi zina vifaa vizuri vilivyofungiwa, vinatolewa siku ya wageni na kurudishwa jioni vikiwa vipya vile vile. Vitolewe. Wiki ya kwanza zifunguliwe kona mbili tu, na mwalimu aoneshe kwa vitendo, bila hotuba, namna ya kuchukua, kutumia na kurudisha. Kona ya tatu ifunguliwe watoto watakapoweza kurudisha vitu vya zile mbili bila kukumbushwa.